Musitufiche dawa munayomupa muzee nyumbani



Mwezi huu sitasema juu ya kofia, viatu vya kazi wala maski ya vumbi. Nitasema juu ya jambo linalofanyika ndani ya nyumba zetu, mara nyingi usiku, mulango ukiisha kufungwa. Jamaa iko na muzee anayetetemeka. Hospitali imemupa vidonge. Lakini jamaa inaona muzee haponi kabisa, basi inamutafutia dawa nyingine: kwa muganga wa miti, kwa pasta, sokoni, kwa jirani. Na sisi wa dispanseri hatuambiwi kitu.

Sikuja kuwagombeza. Shauri langu naliweka mbele, ili yule asiyekuwa na saa ya kusoma yote alishike: kutafuta si kosa, kosa ni kuficha. Tena katika kosa hilo la kuficha sisi wa dispanseri tuna sehemu yetu, na mimi ni wa kwanza. Sikilizeni.

MUZEE WA KRENI

Katika kambi yetu kuna muzee mumoja aliyeendesha kreni miaka mingi, kisha akaenda pansyon. Jina lake halina kazi hapa. Tumuite Muzee wa Kreni. Siku moja watoto wake waliona mukono wake wa kuume unatetemeka peke yake, wakati ameulaza juu ya paja akisikiliza redio. Kidole gumba kilikuwa kinasuguana na kidole cha pili, kama mutu anayehesabu noti. Watoto wakacheka: « Baba anahesabu pesa za pansyon. » Alipoinua kikombe cha chai, mukono ulitulia. Kwa hiyo hakuna aliyeogopa.

Mwaka uliofuata hawakucheka tena. Muzee alitembea kwa hatua fupi, akiburuza muguu, na ule mukono mumoja haukuyumba pamoja na mwendo. Sauti yake ilishuka. Uso wake ukawa kama umefungwa. Hata mujukuu akifanya muchezo mbele yake, hakutabasamu. Siku ya kulipwa, karani alikataa karatasi yake, kwani maandiko ya jina lake yalikuwa madogo mno, hayafanani na yale ya zamani.

Wakamupeleka hospitali. Daktari akamutembeza, akamukunja na kumukunjua mikono, akasema: ni ugonjwa wa Parkinson. Akamuandikia vidonge vya levodopa. Miezi ya kwanza ilikuwa furaha. Muzee alifunga vifungo vya shati peke yake. Lakini daktari alisema wazi kwamba vidonge vinatuliza tu, haviondoi ugonjwa. Neno hilo jamaa haikulipenda. Nani angelipenda?

Basi wakaanza kuzunguka. Mujomba alileta muganga wa miti, naye akasema kuna mutu aliyemutegea muzee kitu njiani. Akaomba mbuzi wawili na pesa. Kisha shangazi akaleta unga wa mbegu, rangi ya udongo, ndani ya mufuko wa plastiki. Binti wa kwanza wa muzee, mama mwenye akili, alikuja na mufuko ule kwangu. Akaniuliza kwa heshima: « Dokta, wanasema unga huu unatuliza kutetemeka. Tumupe baba, ao tusimupe? »

Sikuuliza ni unga wa nini. Nilicheka mbele ya wagonjwa wote waliokuwa kwenye benchi. Nikasema: « Mama, hapa tunatibu kwa dawa, si kwa maharagi. Tupa hiyo kwenye shimo la takataka. » Wagonjwa wakacheka pamoja nami. Yeye alifunga mufuko katika pindo la kitenge chake, akatoka bila neno.

Karibu miezi mitatu ikapita. Usiku mumoja walimuleta muzee juu ya pusupusu. Alikuwa ametapika tangu muchana. Akisimamishwa anaanguka. Na mwili wake, ule uliokuwa mugumu kama ubao, sasa ulijipinda bila kupumzika: shingo huku, mabega kule, miguu ikicheza peke yake. Daktari akauliza: « Amekula nini? Amekunywa dawa gani nyingine? » Wote wakanyamaza. Kisha binti akanitazama mimi. Nilijua jibu kabla hajafungua kinywa.

Alipoutoa mufuko, daktari hakupiga kelele. Alizitaka mbegu zenyewe, akaziangalia, akatuambia: huu ni upupu, ule wenye maganda ya manyoya yanayowasha mwili. Ndani ya mbegu zake muna levodopa, dawa ileile iliyo katika vidonge. Muzee alikuwa anapewa dawa moja mara mbili, kwa kidonge na kwa kijiko, na hakuna aliyepima kijiko.

Muzee aliokoka. Unga uliachwa, na daktari akatengeneza upya kipimo cha vidonge. Lakini mimi sikulala usiku ule. Mama yule alikuja kwangu kuuliza, na kicheko changu ndicho kilichomufundisha kuficha.

UGONJWA HUU NI NINI?

Jina linatoka kwa James Parkinson, daktari wa London aliyeuandika mwaka 1817. Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo inayotengeneza kitu kinachoitwa dopamini. Kitu hiki ni kama mafuta ya mashini: kikipungua, mwili unaendelea kupokea amri, lakini unaitii polepole na kwa shida. Kutetemeka ni dalili moja tu. Nyingine ni ulegevu wa mwendo, ugumu wa mikono na miguu, na kuanguka ovyo. Mara nyingi ugonjwa unaanza upande mumoja wa mwili. Wengine hawatetemeki hata kidogo. Wengine, miaka mingi kabla ya kutetemeka, wanaanza kukosa harufu ya chakula na kufunga choo.

Hauambukizi. Mutoto anaweza kulala kando ya babu yake na kula naye sahani moja bila hofu.

Tena si kila anayetetemeka ana ugonjwa huu. Kuna dawa za duka zinazoleta dalili kama hizi. Ile ya kuzuia kutapika, metoclopramide, ambayo wengi munaijua kwa jina la Primperan, ni mojawapo. Haloperidol, dawa ya wagonjwa wa akili, ni nyingine. Na mugonjwa wa Parkinson akipewa dawa hizo, anazidi kukazana. Sasa angalieni mutego: vidonge vya levodopa vinaweza kuchafua tumbo siku za kwanza. Jamaa inakimbilia kibanda cha dawa, inanunua Primperan, na muzee anarudi nyuma kuliko alivyokuwa. Kisha wanasema vidonge vya hospitali ni vibaya.

NENO LA WACHIMBAJI

Ninyi munaofanya kazi na mawe, neno hili linawahusu sana. Mwaka 1837 daktari James Couper aliandika habari za wafanyakazi wa Glasgow waliosaga manganezi: miguu yao ilikuwa dhaifu, na mwendo wao umeharibika. Vumbi ao moshi wa manganezi ukivutwa kwa muda murefu unaweza kuuumiza ubongo, na kuleta ugonjwa unaofanana na Parkinson. Hapa kwetu manganezi inajulikana tangu zamani upande wa Kisenge. Na wale wanaounganisha chuma kwa moto, wasuderi, wanaweza kuivuta katika moshi wa kazi yao.

Kwa nini nalisema hapa? Kwa sababu ugonjwa huu wa manganezi mara nyingi hausikii levodopa vizuri, na jambo la kwanza ni kumutoa mutu katika vumbi ao moshi ule. Daktari hawezi kubahatisha. Muambieni muzee alifanya kazi wapi, miaka mingapi, na kazi gani. Lakini musiseme kwamba kila muzee wa mugodi anayetetemeka ameharibiwa na mugodi. Wakulima wanaougua Parkinson wapo, na walimu, na mapadri.

Jambo moja linifurahishe kulisema: vidonge vya levodopa vina deni kwa wachimbaji. Katika miaka ya 1960 daktari George Cotzias, aliyefanya kazi Marekani, aliwachunguza wachimbaji wa manganezi wa Chile. Kazi hiyo ilimusaidia kufika kwenye levodopa, na mwaka 1967 alionyesha kwamba dawa hii, ikipandishwa polepole, inamusimamisha mugonjwa aliyekuwa amekazana.

DAWA ZA NJE: TUZIPIME MOJA MOJA

Watu wengine wanatia dawa zote za nje katika mufuko mumoja. Wengine wanasema zote ni uongo, wengine wanasema zote ni hekima ya babu zetu. Mimi nasema tuzipime moja moja, kama tunavyopima jiwe kabla ya kusema kuna shaba.

Upupu una nguvu ya kweli. Huko Bolivia madaktari waliwapa wagonjwa 18 unga wa mbegu zilizokaangwa, mara moja moja, wakiupima sawasawa. Mwaka 2017 walitangaza kwamba ulituliza mwili kama vidonge. Lakini mwaka 2018 walitangaza jaribio lingine, la wagonjwa 14 waliotumia unga kila siku kwa majuma mengi. Nusu yao waliuacha, wengine kwa sababu ya tumbo, wengine kwa sababu mwendo uliharibika zaidi. Ndani ya kidonge levodopa inatiwa pamoja na dawa nyingine inayoilinda isiharibike kabla ya kufika kichwani. Unga hauna mulinzi huyo. Kwa hiyo unaweza kuleta kutapika na kushusha damu, mutu akisimama anaona kizunguzungu. Tena mbegu za shamba hili hazilingani na za shamba lile. Muti wenye nguvu ndio unaohitaji kipimo kuliko miti yote.

Kuchanja mwili kwa wembe na kupaka majivu hakufiki kwenye ubongo. Wembe uliopita kwa watu wengi unaweza kuleta ukimwi, ugonjwa wa ini ao pepopunda. Hiyo kataeni.

Lavema ya miti nayo ni ya kuogopa. Ni kweli wagonjwa hawa wanafunga choo, na jamaa inataka kusaidia. Lakini lavema kali inamaliza maji ya mwili, na muzee anaanguka. Mumupe maji ya kutosha, papai, mboga za majani, na atembee. Kama haitoshi, tuna dawa ya choo isiyo kali.

Kusugua mwili kwa mafuta ya vuguvugu hakuponyeshi ugonjwa, lakini kunalegeza misuli, na mukono wa mutoto juu ya mugongo wa baba yake una faida yake. Kutembea kila siku, kuimba na kucheza ngoma ni zaidi ya faraja. Mugonjwa ambaye miguu inagandamana mulangoni, mumuimbie wimbo wa hatua, ao mumuhesabie: moja, mbili, moja, mbili. Mutashangaa kuona muguu unatoka. Muchore mistari ya chaki sakafuni, naye airuke mumoja mumoja. Kuimba kwa nguvu kunasaidia kurudisha sauti; kwaya isimufukuze muzee kwa sababu ameanza kunong'ona.

MAOMBI NA MANENO YA ULOZI

Juu ya maombi, mimi mwenyewe ni mutu wa kuomba. Maombi hayagombani na kidonge. Muombeeni muzee kila usiku, na muweke kidonge na kikombe cha maji kando yenu. Lakini anayesema « acha vidonge ili uonyeshe imani » anacheza na maisha ya mutu. Levodopa ikikatwa gafula, mwili unaweza kukazana wote, homa ikapanda, mugonjwa akashindwa kumeza, hata akafa. Vilevile kufunga chakula na maji siku tatu si kwa mugonjwa huyu.

Na juu ya ulozi, nawaomba sana. Uso usiocheka na macho yasiyopepesa ni dalili ya ugonjwa. Muzee akisema ameona watu ndani ya chumba ambao ninyi hamuwaoni, hiyo nayo inaweza kutoka kwa ugonjwa ao kwa kipimo cha dawa. Mutuambie, daktari ataangalia. Nimeona jamaa zikimushitaki bibi wa mugonjwa, yule anayemuogesha na kumulisha, kwamba yeye ndiye anayemula. Wakamufukuza kutoka parsele. Kisha nani alibaki kumushika muzee mukono usiku? Hakuna.

Kumbukeni Muhammad Ali, aliyepigana Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974. Mwaka 1984 ilijulikana kwamba ana ugonjwa huu. Akaishi nao zaidi ya miaka 30, hadi mwaka 2016. Kumbukeni Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyekuja kwetu mwaka 1980 na 1985, na aliyezeeka akitetemeka mbele ya macho ya dunia nzima, hadi kufa kwake mwaka 2005. Mumoja alikuwa na pesa na nguvu, mwingine aliombewa na watu wasiohesabika. Kama ugonjwa huu ungeondolewa kwa pesa ao kwa wingi wa maombi, wao wangepona. Basi musiseme muzee wenu hakupona kwa sababu jamaa haikumupenda vya kutosha.

MAMBO SITA YA KUSHIKA

1. Musikate vidonge vya levodopa gafula, wala musipunguze wenyewe. Vikikaribia kwisha, kuja mapema. Levodopa pamoja na carbidopa imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Si dawa ya matajiri tu.

2. Kidonge kina saa yake. Kimezwe nusu saa kabla ya chakula, ao saa moja kisha chakula. Nyama, samaki na maharagi vinagombana nacho tumboni. Musimunyime muzee nyama; mumupe zaidi jioni. Kama kidonge kinachafua tumbo, ale kipande kidogo cha mukate pamoja nacho. Simu ya mutoto inaweza kulia saa ikifika.

3. Bukari imegwe vidonge vidogo, muzee akae wima, na musimuharakishe. Akikohoa kila mara anapokula, mutuambie.

4. Kila dawa ya nje, iwe unga, majani ao chupa, muilete dispanseri kabla ya kumupa. Kama mumekwisha kumupa, muilete vilevile, na mbegu ao jani lenyewe kama linapatikana.

5. Anayeahidi kuuondoa ugonjwa huu kabisa, muulizeni bei, kisha mufunge mulango. Hadi leo hakuna dawa ya kuumaliza, hapa wala Ulaya. Musiuze mabati ya nyumba wala kutumia pesa ya shule ya watoto kwa ahadi hiyo.

6. Mutu mumoja wa jamaa aandike katika kaye: saa ya kidonge, saa ya kukazana, saa ya kutembea vizuri, na kila dawa nyingine. Kaye hiyo inamusaidia daktari kuliko maneno mengi.

NENO LA MWISHO, KWETU SOTE

Wazee walisema: mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Ni kweli. Lakini mutu hafichi ugonjwa wake bure. Anaficha kwa sababu siku moja alionyesha, akachekwa. Kwa hiyo neno langu la mwisho si la jamaa tu, ni la wenzangu wa koti jeupe pia. Mama akileta mufuko mezani, tusicheke. Tukae, tuufungue, tuulize: ni muti gani, nani aliutoa, vijiko vingapi, tangu lini? Kuuliza hivyo hakumaanishi kwamba tumekubali. Ni kupima.

Binti wa Muzee wa Kreni nilimuomba musamaha, palepale mbele ya benchi ileile. Alinijibu: « Dokta, sisi tulitaka tu baba asiteseke. » Tangu siku ile analeta kaye kila mwezi. Muzee hajapona, na hatapona. Lakini asubuhi anatembea hadi kwenye muembe wa kona na kurudi, mujukuu mbele yake akihesabu kwa sauti: moja, mbili, moja, mbili.

Ninyi mulio na mugonjwa kama yeye nyumbani, mulango wa dispanseri uko wazi. Kujeni na muzee, na kujeni na mufuko.

Musaidizi wa daktari, dispanseri ya kambi